Je, Wajua? Mtaro Nao Ni Mali ya Umma

Je, wajua kwamba maafa ya Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, hayakuletwa na bwawa kupasuka kama ilivyotangazwa mwanzoni? Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba mafuriko yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwenye kalavati lililozibwa na magogo, mawe na udongo. Kizuizi kilipoachia, maji yaliteremka bondeni kwa mkupuo mmoja na kufagia nyumba watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 40 walikufa. Chanzo kilikuwa tundu moja la kupitishia maji chini ya reli.

Bwawa lina jina, na daraja huzinduliwa kwa utepe. Kalavati halina jina, halina namba, na ukiuliza ni la nani utatumwa ofisi tatu. Safu ya leo inahusu vitu vya namna hiyo: mitaro, mifereji, kingo, matuta, vijito na vinamasi, mjini na vijijini, na taaluma inayotaka tuvitunze kama mali nyingine yoyote ya umma.

Taaluma hiyo inaitwa usimamizi wa mali. Ilikulia kwenye viwanda, reli na mabomba. Maswali yake hayazidi sita: Tuna nini? Kiko wapi? Kina hali gani? Kikiharibika, nani ataumia? Kukitunza mpaka mwisho wa umri wake kutagharimu kiasi gani? Nani anawajibika?

Kiwango cha kimataifa cha kazi hii, ISO 55000, kilitolewa mwaka 2014 na kupitiwa upya mwaka 2024. Kinaieleza mali kuwa ni kitu chochote chenye thamani, au kinachoweza kuwa na thamani, kwa taasisi inayokishika. Hakisemi kwamba lazima kiwe kimejengwa kwa saruji. Mto umo. Kinamasi kimo.

Je, wajua kwamba kinamasi kiliwahi kupigiwa hesabu ya fedha hapa kwetu Afrika Mashariki? Mwishoni mwa miaka ya 1990, wachumi wa mazingira walikitazama kinamasi cha Nakivubo mjini Kampala. Maji machafu ya jiji hupita kwenye mafunjo yake kabla ya kuingia Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Murchison, na Ggaba, mahali jiji linapovuta maji yake ya kunywa, pako kwenye ghuba hiyohiyo. Kazi hiyo ya kuchuja peke yake ilikadiriwa kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Mafunjo yanafanya kazi ya mtambo. Anayeyakata ili apande magimbi au ajenge ghala anaondoa mtambo huo, ila kwa kuwa haukuwahi kuandikwa kwenye daftari lolote, hakuna mhasibu atakayeuona upungufu.

Kigali wamechukua njia nyingine. Kinamasi cha Nyandungu, kilichokuwa kimeharibiwa, kilirudishiwa uhai na kufunguliwa kuwa bustani ya umma mwaka 2022. Kina hekta 121, mahali pa watu kutembea na pa maji kutulia.

Sasa twende Dar es Salaam. Je, wajua kwamba mitaro mingi ya jiji hilo iliingia kwenye ramani kwa miguu ya vijana? Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi waliichora kata ya Tandale. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia kwenye kata zinazofurika pamoja na wenyeji, wakiandika mitaro, vijito, vichochoro na nyumba, na kuwauliza watu wa mtaa maji hufika wapi masika yanapokolea. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu.

Kwa maoni yangu, hiyo ni moja ya kazi bora kabisa zilizofanyika katika jiji lolote la Afrika Mashariki katika miaka hiyo. Haikumimina zege hata ndoo moja, lakini ilijibu maswali mawili ya kwanza kati ya yale sita. Usipojua mtaro uko wapi, huwezi kupanga kuuzibua. Mzee wa mtaa anayeonyesha alama ya maji ukutani, usawa wa kiuno, anatoa kipimo ambacho mhandisi hana namna nyingine ya kukipata.

Swali la tatu ni hali. Wahandisi wengi hutumia alama kuanzia 1 hadi 5: 1 ni kipya, 5 kimekwisha. Mkaguzi haandiki “mtaro mbaya”. Anaandika kwamba ukuta wa kushoto umepasuka, tope limejaa hadi nusu ya kina, mfuniko mmoja haupo, mizizi imeingia kwenye maungio. Mwaka unaofuata mwingine anarudi palepale na kulinganisha. Baada ya miaka michache unajua kasi ya uchakavu, na hapo ndipo unapoweza kutabiri.

Swali la nne ndilo linalogawanya fedha: hatari ni uwezekano wa kitu kuharibika mara ukubwa wa madhara yake. Mfereji mpana uliopasuka porini unaweza kusubiri. Kalavati dogo lenye ufa chini ya njia pekee ya kwenda hospitali ya wilaya halisubiri, hata kama kwa macho linaonekana afadhali.

Je, wajua tone la mvua linapita mikononi mwa wangapi? Chukua mvua iliyonyesha kwenye barabara ya mtaa Dar es Salaam. Mtaro wa barabara za mijini na vijijini uko chini ya TARURA, wakala ulioundwa mwaka 2017. Maji yakiingia kwenye mtaro wa barabara kuu, yako kwa TANROADS. Taka zilizomo ni kazi ya halmashauri. Yakifika Mto Msimbazi yamo kwenye eneo la Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, mojawapo ya bodi tisa za mabonde za Tanzania, na uchafuzi wake unalitazama baraza la taifa la mazingira, NEMC. Kila ofisi ina sheria yake na bajeti yake. Maji hayajui mpaka wa ofisi. Tope likikwama pale mamlaka mbili zinapokutana, hapo hukaa miaka.

Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 40, na familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Msimbazi, unaoanzia milima ya Pugu na kuingia baharini penye daraja la Selander, ndio uliobeba sehemu kubwa ya kilio hicho. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, pamoja na kujenga daraja jipya Jangwani. Fedha ni nyingi na nafurahi kuziona. Ila mto huu unashusha mchanga kutoka milimani kila masika, na mchanga huo hautaacha kushuka siku mradi utakapofungwa. Bajeti ya kuuzoa kila mwaka ndiyo itakayoamua kama daraja litaendelea kuwa juu ya maji.

Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitaja mita 6 hadi 30. Ukanda huo ni sehemu ya mali yenyewe: ndipo mto unapotanukia ukijaa, na ndipo tingatinga linapopita kwenda kuzoa tope. Ukanda ukishajengwa, hata halmashauri yenye fedha na mashine haiwezi kuufikia mto.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017. Tanzania Juni 1, 2019. Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Kwa kuwa mifuko hiyo huziba mitaro, mhandisi wa mitaro anaiona marufuku hiyo kama sheria ya matengenezo.

Je, wajua kwamba ndugu zetu wa Oman wana mifereji yenye mapato yake yenyewe? Falaji huchota maji kutoka chini ya ardhi au kwenye chemchemi, kisha huyatembeza kwa mteremko tu, bila pampu, hadi kwenye mitende. Zipo takriban 3,000 zinazotumika mpaka leo, na tano kati yake, ikiwamo Falaji Daris ya Nizwa, ziliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda. Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na kila mwenye hisa alijua zamu yake. Wakili husimamia mambo ya falaji na arifu hugawa zamu.

Lililo bora zaidi ni hili: hisa fulani za maji si za mtu. Ni za falaji yenyewe. Hupigwa mnada, anayezitaka hulipa, na fedha hiyo hutumika kuzibua mahandaki na kuziba nyufa. Mfereji unajilipia fundi wake. Wakulima wa jangwani walilitatua zamani swali la tano, lile la gharama, ambalo miji yetu bado inalihangaikia kila mwaka wa fedha. Nalitamani jambo hilo kwa kila skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada na kuachwa bila hata mfuko wa kununulia koleo.

Kilimanjaro nako walijua. Mfongo wa Wachagga hukinga maji kijitoni, juu mlimani, na kuyatembeza kando ya mteremko hadi vihambani, kwenye migomba na kahawa. Maji ya usiku huhifadhiwa kwenye nduwa, bwawa dogo linalofunguliwa asubuhi. Mkuu wa mfongo kwa desturi hutoka katika ukoo ulioufungua. Siku ya kusafisha hutangazwa, watu hutoka na majembe, na asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu. Tazama vizuri: mwenye mali anajulikana, watumiaji wanajulikana, ukaguzi una tarehe, na adhabu ipo. Maswali yote sita yana majibu, bila karatasi hata moja.

Wamarakwet wa Bonde la Kerio, Kenya, nao bado wanaitunza mifereji ya mababu zao, mingine ikiwa imening'inizwa kwenye miamba kwa mawe na magogo. Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, imebaki mifereji ya mawe na kuta za mashamba tu, kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 20. Watu waliiacha katika karne ya 18.

Je, wajua kwamba ukame unaweza kubomoa tuta? Agosti 26, 2003, baada ya kiangazi kikali, tuta la udongo wa mboji lilisogea katika kijiji cha Wilnis, Uholanzi, na maji ya mfereji yakaingia mitaani. Mboji ilikuwa imekauka, ikawa nyepesi, ikashindwa kuhimili msukumo wa maji. Kabla ya hapo walinzi wa matuta waliogopa mvua na dhoruba. Sasa wakati wa ukame hupita wakitafuta nyufa, na mahali pengine hunyunyizia matuta maji. Daftari la mali lisiloandika tuta limejengwa kwa udongo gani lisingeweza kuwaonya.

Waholanzi wana bodi za maji 21 zenye uchaguzi wake na kodi yake. Bodi ya Rijnland inahesabu historia yake tangu mwaka 1255. Bodi hizo haziombi fedha za matuta kwenye kapu moja na hospitali na shule. Mwananchi hulipa kodi ya maji na kumchagua anayeisimamia. Mafuriko ya mwaka 1953 yaliua watu 1,836 nchini humo, na mwaka uliofuata bodi zikaanzisha benki yao ya kukopeshana kwa kazi hizo. Mashambani, wakaguzi hupita kila mwaka kutazama mitaro. Mkulima ambaye shamba lake linapakana na mtaro ndiye anayetakiwa kukata majani na kuzoa tope. Asipofanya, bodi hufanya na kumpelekea ankara.

Hata hivyo mji wao mkuu ulizembea. Amsterdam ina kuta za mifereji za takriban kilomita 200 zinazohitaji kuangaliwa au kujengwa upya, nyingi zikiwa zimesimama juu ya nguzo za mbao na kujengwa enzi za mikokoteni ya farasi. Septemba 1, 2020, ukuta wa Grimburgwal uliporomoka ndani ya maji katikati ya mji. Magari yenye uzito wa zaidi ya tani 7.5 yamewekewa mipaka katikati ya jiji. Kwa mtu wa mali, hiyo nayo ni dawa: kama huwezi kuimarisha ukuta leo, punguza mzigo wake leo.

Uingereza, shirika la hisani la Canal & River Trust lilikabidhiwa mwaka 2012 mifereji na mito ya takriban kilomita 3,200 ya England na Wales, mingi ikiwa ya karne ya 18 na 19. Milango ya kupandishia na kushushia mashua hutengenezwa kwa mbao za mwaloni na hudumu kama miaka 25. Kwa kuwa umri unajulikana na idadi inajulikana, karakana inajua mapema milango ya wapi inakaribia zamu yake, na majira ya baridi, mashua zinapopungua, mfereji hufungwa kipande kipande ili ibadilishwe. Hakuna anayesubiri mlango uvunjike.

Lakini shirika hilohilo lilikumbana na Agosti 1, 2019, siku ambayo njia ya kumwagia maji ya ziada ya bwawa la Toddbrook ilibomoka. Watu wapatao 1,500 wa mji wa Whaley Bridge waliamriwa kuondoka, na jeshi likamwaga kwa helikopta mamia ya tani za mawe kuziba tundu. Hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulisema njia hiyo ilisanifiwa vibaya, na matengenezo ya kusuasua ya miaka mingi yakaizidishia udhaifu.

Derna, Libya, hawakupata nafasi ya kuondoka. Usiku wa Septemba 10, 2023, mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yalipasuka juu ya mji, na maelfu ya watu walikufa. Ripoti ya ukaguzi ya serikali ya mwaka 2021 ilikuwa imekwisha kueleza kwamba matengenezo hayakufanyika ingawa zaidi ya dola milioni 2 zilitengwa. Mai Mahiu, kalavati lilisahauliwa. Derna, mabwawa yalijulikana, hali yake ilijulikana, fedha ilitajwa. Kilichokosekana ni jibu la swali la sita. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu ripoti za ukaguzi tunazo hata sisi.

Je, wajua kwamba mali ikijulikana vizuri inaweza kuongezewa umri? Lango kubwa la kuzuia mafuriko la mto Thames, London, lenye upana wa mita 520, lilianza kazi mwaka 1982 na lilisanifiwa kulinda jiji hadi mwaka 2030. Kwa sababu mwendo wa bahari na hali ya chuma chake vimepimwa mfululizo, mpango wa sasa unaliruhusu kufanya kazi hadi takriban mwaka 2070. Miaka 40 ya ziada imetoka kwenye vipimo.

Na mali moja inaweza kupewa kazi mbili. Copenhagen, Denmark, ilipokea zaidi ya milimita 150 za mvua ndani ya saa chache Julai 2, 2011. Mpango wa mwaka uliofuata uligawa jiji kwenye miradi ipatayo 300 ya miaka 20, mingine ikiwa bustani na viwanja vya michezo vinavyogeuka mabwawa siku ya mvua kubwa.

Kitui, Makueni na Machakos, nchini Kenya, hawana mvua ya kumwaga hovyo, kwa hiyo wanajenga mabwawa ya mchanga. Ukuta mfupi wa mawe huzuia mchanga kwenye mto wa msimu, na mchanga huo hushika maji hadi takriban asilimia 40 ya ujazo wake, mbali na jua na mbu. Matunzo yake ni madogo, ila mchanga wenyewe ndio tangi. Lori la mchanga linaloondoka usiku limebeba maji ya kijiji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Kuna wanaosema kuuita mto mali ni kuufungulia mnada. Hofu hiyo ina msingi. New Zealand iliupa mto Whanganui hadhi ya mtu kisheria mwaka 2017, na wawili wameteuliwa kuusemea, mmoja kwa niaba ya Wamaori wa mto huo na mwingine wa serikali. Naona njia hizo mbili hazigombani. Mto wenye haki bado unahitaji mtu wa kwenda kupima tope lake.

Na hili la mwisho ni la kalenda. Je, wajua kwamba mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda huanza Julai 1? Mahali penye mvua mbili, mtaro huonyesha ugonjwa wake wakati wa masika, Machi hadi Mei, bajeti ya mwaka unaofuata ikiwa tayari imeandaliwa na kupelekwa juu. Ombi lililoandikwa baada ya mafuriko ya Aprili huwa limechelewa kwa takriban mwaka mzima. Ombi linalowahi ni lile linalotokana na ukaguzi wa vuli, Oktoba hadi Desemba, likiwa na picha, vipimo na alama ya 1 hadi 5, na kufikishwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji halmashauri inapoanza kuandaa makadirio yake. Fedha ikitoka Julai, mkandarasi ana miezi mitatu tu ya kiangazi, Julai, Agosti na Septemba, kabla vuli haijaanza tena.